Saa kuvaliwa kushoto sio sheria, ni kazi tu ya mkono wa kulia

Kuna kanuni inazunguka mtaani kwamba mwanaume saa anavaa mkono wa kushoto na mwanamke anavaa kulia, na ukienda kinyume watu wanaanza kukutafsiri, mara unaringa, mara hujui kuvaa, mara we ni mashoto. Nimeisikia kwa wauza saa, nimeisikia kwenye vikao vya harusi, nimeisikia hadi mtu mzima na akili zake anamwelekeza kijana anayeenda kwenye intavyuu ya kazi. Kila nikiuliza imetoka wapi sipati jibu zaidi ya "ndo inavyotakiwa". Inatakiwa na nani? Saa ilienda kushoto kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na kazi, basi, hamna sababu nyingine, na hii sababu ukiifuata mpaka mwisho wake inakufikisha kwenye jambo zito kuliko saa, jambo la watoto wetu wanaotumia kushoto, ndo maana nimeamua kuiandika kwa urefu.

Tuanze na hiyo habari ya mwanaume na mwanamke kwa sababu ndo inayopotosha wengi. Saa ya mkononi ilianza kama pambo la wanawake. Fundi Breguet wa Paris alipata oda ya saa ya kuvaa mkononi mwaka 1810 kutoka kwa malkia wa Naples, Caroline Murat, akamkamilishia 1812. Mwaka 1868 kampuni ya Patek Philippe ya Uswisi ikatengeneza nyingine ya mwanamke wa ukoo wa kitajiri kule Hungary. Wanaume muda wote huo walikuwa na saa za mfukoni, zile za mnyororo, na mwanaume wa kufunga saa mkononi alionekana kavaa bangili. Kilichobadilisha mambo ni vita. Wanajeshi wa Uingereza kwenye vita ya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, walikuwa wanazifunga saa zao za mfukoni kwenye mikanda ya ngozi mkononi, na ikija Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, hapo ndo ikawa lazima, maana mizinga ilikuwa inatangulia kupiga na askari wa miguu wanafuata kwa dakika zilizopangwa, na mtu ambaye mkono mmoja umeshika bunduki hawezi kuanza kupekua mfuko kutafuta saa gani. Walivyorudi nyumbani wakarudi nazo. Kwa hiyo anayekwambia mkono fulani ni wa saa ya kiume anazungumzia kitu ambacho wanaume wenyewe walikiazima kwa wanawake, na walikiazima kwa sababu ya kazi.

Sasa kwanini kushoto? Angalia saa yoyote ya mishale, ile ya kawaida kabisa. Kale kakitufe ka pembeni ka kuzungushia kako upande wa namba 3. Kwenye saa ya kutia ufunguo, ambazo ndo zilikuwa saa zote enzi hizo, kila siku lazima ukazungushe kale kakitufe, asubuhi wengi walikuwa wanafanya hivyo kabla ya kutoka. Saa ikiwa mkono wa kushoto kakitufe kanaangalia kiganjani, vidole vya kulia vinakafikia bila tabu na saa huivui. Ihamishe kulia uone, kakitufe kanageukia kwenye kiwiko, vidole vya kushoto vinapindapinda, mwishowe unaivua. Watengenezaji walijua wateja wao wengi wanatumia kulia, wakaweka kitufe pale panapomfaa mtu wa kulia, na kuanzia hapo saa ikawa imeshaamua yenyewe.

Lakini hiyo sababu imekufa zamani. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko wakaingiza sokoni saa ya Astron, ya kwanza ya mkononi inayotumia betri na kijiwe cha kwazi (quartz), na baada ya hapo miaka haikuwa mingi saa za betri zikajaa dunia nzima. Zile Seiko 5 za wazee wetu zenyewe zilikuwa zinajijaza kwa mtikisiko wa mkono tu. Casio F-91W, ile nyeusi ndogo ya plastiki ya mwaka 1989 ambayo kila mtu ameshaivaa au ameshaazima, haina hata hicho kitufe cha kuzungusha. Mtu wa leo anagusa kitufe cha saa yake pale tu betri ikishabadilishwa, na hata hapo fundi ndo anamrekebishia. Halafu simu ipo mfukoni inaonyesha saa mpaka sekunde. Ingekuwa ni kitufe peke yake, mpaka sasa watu wangekuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, wa kulia na wa kushoto. Hawajagawanyika. Panda daladala uangalie mikono iliyoshika bomba, saa nyingi bado ziko kushoto.

Sababu ya kwanza iliyobaki ni mkanda. Funga saa ya mkanda wa ngozi taratibu ukiangalia vidole vyako. Unaegemeza saa juu ya goti au kwenye tumbo isidondoke, kidole gumba kinasukuma ncha ya mkanda ipite kwenye bizimu, kidole cha shahada kinaivuta, alafu unabana huku unatafuta tundu ambalo pini inatakiwa iingie, tundu lenyewe dogo, pini yenyewe inateleza, alafu ncha iliyobaki unaipitisha kwenye kitanzi. Hiyo ni kazi ya vidole vya mkono mmoja tu, na yeyote mwenye akili anaikabidhi kwa mkono wake wenye ujuzi. Saa inabaki kwa ule mwingine. Ndo maana ukiangalia watu wa saa za cheni, zile za kusukuma mkono ndani na kubana, hao wanahama hama kirahisi zaidi, leo kulia kesho kushoto, maana kufunga hakuwadai chochote.

Ya pili ni chakula, na hii kwetu naiona ina nguvu kuliko zote, ila sijawahi kuona mtu anaitaja kwenye hizi mada za saa. Sisi tunakula kwa mkono. Mkono wa kulia unaingia kwenye ugali, unaingia kwenye mchuzi wa samaki, kwenye sinia la pilau watu mmezunguka mnakula pamoja, alafu unamiminiwa maji unanawa. Mtu mwenye saa kulia kabla ya tonge la kwanza ana mambo mawili, aivue aiweke mezani, au aisukume juu karibu na kiwiko aendelee hivyo hivyo na mafuta yakimfuata. Na kwenye shughuli, saa iliyowekwa mezani sio lazima uikute. Mkono wa kushoto hauna hilo tatizo, unashika glasi ya maji, umemaliza. Mtu wa kijiko na uma hili hawezi kulijua, wa kwetu analijua toka utotoni hata kama hajawahi kulisema.

Ongeza salamu na kupokeana vitu. Hela, chenji, kikombe, zawadi, vyote kwa kulia, na ukilazimika kutoa kushoto kwa sababu kulia umeshika mzigo unasema kabisa "samahani kwa mkono wa kushoto". Siku nzima mkono wa kulia uko mbele za watu unafanya kazi, wa kushoto umetulia. Saa kioo chake kinataka utulivu.

Kwa Waislamu kuna hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Wapo wanaosema saa ni kitu kizuri cha kuvaa, na Mtume alipenda kuanza na kulia kwenye mambo mema, kwenye kuvaa viatu, kuchana nywele, kujitwaharisha, hivyo saa iende kulia, tena mkono wa kushoto ndo wa kujisafishia chooni. Ukisoma lakini habari za pete yake utakuta zipo riwaya (simulizi zilizopokelewa kuhusu Mtume) za kuivaa kulia na zipo za kushoto, na wanazuoni wameliona jambo la saa kuwa na wasaa, mikono yote miwili ruksa. Jambo ambalo halina mjadala ni udhu, maji lazima yafike kwenye ngozi, saa iliyobana inabidi isogezwe au ivuliwe, iwe kulia iwe kushoto. Anayevaa kulia kwa nia ya kufuata mwenendo mwema ana sababu yake na ni sababu safi. Nachokataa ni mtu kuwahukumu wa kushoto kwamba wamekosea.

Kazi za watu nazo zinaamua. Bodaboda, mafuta na breki ya mbele viko mkono wa kulia, kifundo hicho kinazunguka kutwa nzima, saa ikikaa kushoto inakaa sehemu tulivu na jicho linaipata haraka. Dereva wa Dar au Nairobi anakaa kulia, kiwiko chake cha kulia ndo kiko dirishani kwenye foleni, na vibaka wanapita, saa ya kushoto iko ndani ya gari imejificha. Mwenye gari la usukani wa kushoto, kama yanayotembea Burundi na Kongo, kwake ni kinyume, saa yake ya kushoto ndo iko nje na jua linaipiga. Mafundi wa kuchomelea na watu wa kunyanyua vyuma ninaowajua kadhaa wamehamishia kulia kwa sababu moja tu, saa kubwa ikiwa kushoto kile kitufe kinachimba nyuma ya kiganja kila unapokunja mkono, ukiihamisha kitufe kinaangalia juu na maumivu yanaisha. Hawa wanatumia kulia na wanavaa kulia. Nao wako sawa.

Nesi ndo mfano ninaoupenda zaidi. Anapohesabu mapigo anaweka vidole vyake kwenye kifundo cha mgonjwa, anatulia, macho yako kwenye mshale wa sekunde, anahesabu nusu dakika au dakika nzima. Mikono yake miwili inahitajika, na mikono hiyo inanawa mara nyingi sana kwa zamu moja. Ndo maana ile saa ya kubandika kifuani imeninginizwa kichwa chini, wewe unayemwangalia unaiona imepinduka, yeye akiinamisha macho anaiona imenyooka. Uingereza mwongozo wa mwaka 2007 uliwataka wahudumu wa hospitali kuacha mikono wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, bila saa, ili kunawa kuwe kamili. Pale kazi ilipokataa saa kwenye mikono yote miwili, saa ikahamia kifuani na hakuna aliyesema nesi kavunja sheria ya mavazi.

Na wanawake wengi wa kwetu wala hawaongozwi na kulia au kushoto, wanaongozwa na bangili. Mkono wenye bangili za dhahabu hauwekewi saa, bangili zinakwaruzana na kioo, basi saa inaenda mkono uliobaki. Nadhani hapa ndo ile stori ya "mwanamke kulia" imepatia miguu, watu wameona wanawake kadhaa na saa kulia, hawakuangalia mkono wa pili kulikuwa na nini.

Kuhusu kumjua mtu mashoto kwa saa yake, acheni. Barack Obama anaandika kwa kushoto, dunia nzima imemuona anasaini sheria kwa kushoto, na saa yake iko kushoto hapo hapo. Vladimir Putin anaandika kwa kulia na saa anavaa kulia. Rafael Nadal alicheza tenisi kwa kushoto na saa yake ya mashindano ikawa kulia, wakati kuandika anaandika kwa kulia. Watu watatu, kila mmoja na mpangilio wake. Mashoto wengi wanavaa kushoto kama watu wengine kwa sababu saa zenyewe zimetengenezwa hivyo na baba zao walivaa hivyo. Watengenezaji wachache sana waliwafikiria. Heuer Monaco ya 1969 ina kitufe upande wa kushoto, lakini lengo lilikuwa kuonyesha kwamba saa inajijaza yenyewe huna haja ya kukigusa, sio kumsaidia mashoto. Rolex wakaja kutoa saa yao ya GMT yenye kitufe kushoto 2022, na bei yake sio ya watu wa kawaida. Nafuu imekuja na saa janja, Apple Watch toka ilipotoka 2015 unaenda kwenye setingi unachagua mkono na unachagua kitufe kiwe upande gani, kioo kinajigeuza chenyewe. Fitbit nazo zinakuuliza kabisa unavalia mkono wa kazi au ule mwingine, maana mkono wa kazi unapunga sana na saa inaweza kuhesabu hatua ambazo hujatembea.

Mkono wa kazi. Hayo ndo maneno ninayotaka tubaki nayo, kwa sababu kwa mtu mzima swali la mkono wa kazi tunamwachia mwenyewe, ila kwa mtoto tunamwamulia.

Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2020, uliojumlisha tafiti za zaidi ya watu milioni 2, ulipata mashoto ni kama asilimia 10.6 ya binadamu. Kwenye darasa la watoto 60 hapo kwetu tegemea kama 6. Na sio tabia wamejifunza. Watafiti wa Belfast wakiongozwa na Peter Hepper waliwaangalia watoto tumboni kwa mashine ya picha, wakaona nani ananyonya dole gumba la mkono gani, wakaja kuwafuatilia wakiwa na miaka 10 hadi 12. Walionyonya la kulia walikuwa 60, wote wakawa wa kulia. Walionyonya la kushoto walikuwa 15, kumi wakawa mashoto, watano wakageuka wa kulia. Yaani kabla mtoto hajaona kalamu, hajaona mwalimu, mkono wake wa kazi mara nyingi umeshajichagua.

Na kulazimisha kunafanya nini? Kunaficha. Mwaka 1986 jarida la National Geographic liliwauliza wasomaji wake maswali, wakajibu zaidi ya milioni moja, na mashoto miongoni mwa wazee waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa kama 3 au 4 kwa mia, wakati kwa waliozaliwa baada ya vita ya pili walikuwa zaidi ya 10. Damu ya watu haiwezi kubadilika kwa miaka michache hivyo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba shule zilipunguza kuwapiga watoto mikono, mashoto wakaacha kujificha.

Mdogo wangu ni mmoja wa waliogeuzwa. Mwalimu wake wa chekechea alikuwa anamfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kwenye kiti mpaka kipindi kiishe, na nyumbani wazee waliona ni malezi mazuri. Leo anaandika kulia, mwandiko wake unasomeka kwa shida, anakula kulia. Panga anashika kushoto, nyundo kushoto, mswaki kushoto, jiwe anarusha kushoto. Saa anavaa kushoto, mkono ule ule anaopigia nyundo, na vioo vya saa zake vinapasuka kila mara na mafundi wanamlaumu hana uangalifu. Uangalifu anao. Mkono wake wa kazi ulihamishwa kwenye daftari tu, kwingine kote haukuhama, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa mtu kama yeye saa inafaa iwe kulia. Nilipomwambia alikaa kimya muda, akaanza kunihesabia vitu vingine anavyofanya kwa kushoto ambavyo alikuwa anavionea aibu.

Inaniuma zaidi nikiona mtoto huyo huyo akiwa na mguu wa kushoto kocha anamshangilia. Mohamed Salah na Messi ni watu wa mguu wa kushoto, kila timu ya mtaani inamtafuta winga wa mguu huo. Mguu wa kushoto ni kipaji, mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na mwenye navyo ni mtoto mmoja.

Adabu ya kula na kupokea naielewa, mtoto mashoto anaweza kufundishwa kula kwa kulia na kupokea kwa kulia kwa upole, wengi wanaweza bila shida maana tonge halihitaji ufundi wa kalamu. Kuandika ni kitu kingine. Wanasema mkono wa kushoto unafuta wino, ni kweli kwa herufi za kwenda kulia. Madrasa mtoto anaandika Kiarabu kwenda kushoto, hapo mkono wa kulia ndo unaopita juu ya wino mbichi, na watoto wa kulia wamejifunza kunyanyua kiganja na maandishi yao ni masafi. Kama mtoto wa kulia anafundishika, wa kushoto naye anafundishika.

Mzazi unayempeleka mtoto mashoto darasa la kwanza, ongea na mwalimu siku ile ile ya kuandikisha, mwambie huyu mkono wake wa kazi ni huu. Kwenye dawati la watoto watatu akae mwisho wa upande wa kushoto, viwiko visigongane na mwenzie. Daftari asiliweke wima, alilaze ili sehemu ya juu ielekee kulia, kalamu aishike juu kidogo kutoka kwenye ncha aone anachoandika, na kiganja kikae chini ya mstari kisipite juu yake. Penseli kwanza, kalamu ya wino unaokauka haraka baadae.